Nyuzi za Vieng

Kuuguza mtoto ni kazi, asikudanganye mtu. Kufikia siku ya nne Sengdao hakukumbuka tena alioga lini. Mchana kutwa alikuwa akimpepea binti yake Vieng, wa miaka mitano, kwa kipande cha boksi. Akichoka anajilaza kwenye mkeka uvunguni mwa kitanda, kama walivyolala wauguzaji wote wodini pale. Msimu ule wa mvua homa ya dengi, ile ya mbu, ilikuwa imejaza watoto wawili wawili kila kitanda. Homa ya Vieng ilikataa vitambaa vya maji, ikakataa dawa, ikakataa na machozi ya mama.

Asubuhi ya siku ya tano ikashuka yenyewe. Sengdao aligusa paji la uso wa mtoto, akagusa tena, akaangua kilio cha furaha.

"Dada Vatsana! Njoo uone, mtoto amepoa!"

Nesi Vatsana alikuwa msichana mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Alipima, wala hakutabasamu. "Mama Vieng, nisikilize vizuri. Dengi ni mnafiki. Homa ikishuka ndipo hatari inaanza. Mishipa inavuja ndani kwa ndani, huku nje mtoto unamwona mzima. Msitoke hapa siku mbili. Siku mbili tu."

"Siku mbili tu," Sengdao akaitikia.

Laiti angelishika hilo, mimi leo nisingekuwa na la kusimulia.

Saa nne akaingia mama mkwe wake, Bibi Bouasone, na kikapu cha wali wa kunata. Bibi huyu hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu amchukie. Mwanawe Thongdam, mume wa Sengdao, alikuwa nchi jirani, Thailand, akijenga maghorofa ya watu, na Sengdao akishinda kwenye kitanda cha kufumia nguo. Vieng alikulia mgongoni kwa bibi. Alipomwona mjukuu amekaa, alipiga vigelegele hadi wodi nzima ikageuka.

"Si nilisema? Haya, funga mizigo twende. Mzee wa kuita roho kashafika, kuku wako sufuriani, majirani wanangoja."

"Mama, nesi kasema siku mbili."

"Nesi! Yule wa juzi yule? Kazaa wangapi?" Kisha akashusha sauti, na hapo hakuwa akitania. "Mwanangu, mwili umerudi, roho bado. Roho za mtu ni thelathini na mbili, na zake zinazurura kule kijitoni alikoanzia kuumwa. Utamwacha mtoto hivihivi, kama nyumba isiyofungwa mlango? Siku njema ni leo. Ikipita, mpaka mwezi mwingine."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Hatukufundishwa afanye nini mtu mwenye wakuu wawili. Sengdao alimtazama nesi, akamtazama mkwewe, akaenda kutia sahihi kwenye karatasi ya kumtoa mgonjwa kwa hiari yake. Vatsana alimbembeleza mpaka mlangoni. "Mikono yake ikiwa ya baridi, mrudishe mbio. Umesikia? Mbio."

Nyumbani Vieng aliketishwa mbele ya mnara wa maua na majani ya mgomba, yai la kuchemsha kiganjani. Mzee akaziita roho kwa sauti tamu: rudini kutoka majini, rudini kutoka msituni, huku kwenu kuna wali. Kila jirani akasogea na uzi wake mweupe wa pamba, akaufunga mkononi mwa mtoto ili roho zisitoke tena, akamwombea. Na kila aliyeushika mkono ule alifurahi.

"Jamani, baridi kama mtungi!"

"Homa imekimbia bila kuaga, mshenzi mkubwa!"

Wakacheka. Sengdao naye alicheka. Ilimchukua muda kukumbuka kuwa neno hilo, baridi, alikuwa ameshaambiwa.

"Mama, tumbo linauma," Vieng akasema. Yai likamponyoka. Kisha akatapika, matapishi meusi kama kahawa.

Walimrudisha kwa pikipiki ya jirani, bibi nyuma akimkumbatia mama na mtoto pamoja. Vatsana hakulaumu, hakuwa na muda. Alijaribu kutia dripu kwenye mishipa ya miguuni, ikakataa. Akaishika mikono: nyuzi tupu, tangu kifundo hadi kiwiko, pande zote mbili. Akachukua mkasi.

Bibi Bouasone akamdaka mkono. "Usitie chuma! Nyuzi za roho hazikatwi, zinafunguliwa!" Akaanza kufungua kwa kucha, kisha kwa meno, machozi yakimtiririka. Likafunguka fundo moja. Likafunguka la pili. Midomo ya Vieng ilikuwa imegeuka rangi.

"Dada, nipe mkasi," Sengdao akasema.

"Sengdao! Ukikata, wewe mwenyewe unazifukuza roho zake!"

"Najua, mama."

Alijua, na aliamini kama bibi alivyoamini. Ndiyo maana hakutaka dhambi hiyo imwangukie nesi, mtoto wa watu. Alikata mkono wa kulia, akakata wa kushoto. Sindano iliingia mara ya tatu, dripu ikaanza kudondoka.

Vieng alifariki kesho yake kabla ya chakula cha mchana. "Tulichelewa," Vatsana alisema, akilia. Bibi Bouasone alipiga magoti, akaokota vipande vya nyuzi sakafuni hadi cha mwisho, na tangu hapo hakumsemesha Sengdao.

Siku ya tatu baada ya kuuchoma mwili, Thongdam alipiga simu, bado hajapata ruhusa ya kazini kurudi. Waliiweka mkekani katikati yao, sauti wazi.

"Nani alimtoa hospitali?"

Bibi Bouasone aliinamisha kichwa. Mikono aliilaza mapajani, mikono ya kizee ghafla. Sengdao aliitazama. Mume anaweza kuoa tena, aliwaza, lakini mama mwingine hapati.

"Mimi. Sahihi ni yangu."

"Na nyuzi? Naambiwa zilikatwa. Nani alikata?"

"Mimi pia."

Simu ikakatika. Sengdao akamgeukia mkwewe, akangoja. Neno moja tu lingemtosha. Bibi Bouasone akamsogezea kikapu cha wali.