Kabati la Gazeti la Serikali

Kadzo alikuwa na ufunguo aliouthamini kuliko hata wa chumba chake cha Tononoka: ufunguo wa kabati la gazeti rasmi la serikali, pale maktaba anapofanya kazi. Sheria mpya, mirathi, mashamba na nyumba, yote hutangazwa humo, na kila mwananchi ana haki ya kuyasoma. Haki wanayo, lakini mikono yao je? Siku moja, huko ufukweni Mama Ngina, Kadzo aliuziwa muhogo uliofungwa kwa ukurasa uliochanwa gazetini humo, wenye muhuri wa maktaba yake mwenyewe. Hamu ya muhogo ikamtoka palepale. Tangu hapo gazeti likifika huingia kabatini moja kwa moja, na anayeliulizia hujibiwa kuwa bado halijapigwa muhuri.

Ndivyo alivyomjibu Bi Mwanarusi, mjane wa Mji wa Kale. Bibi alikuwa amesikia kwamba shemeji yake anadai hati ya nyumba imepotea, na anataka apewe mpya kwa jina lake yeye shemeji. Ombi kama hilo lazima litangazwe gazetini, ili mwenye pingamizi alipeleke kabla muda haujapita. Bibi alikuja, akarudi, akarudi tena, buibui limemganda kwa jasho.

"Njoo wiki ijayo, bibi."

Na gazeti lipo kabatini, nadhifu, halina hata kunyanzi.

Kadzo alipokumbuka kulipiga muhuri na kulitoa, muda wa pingamizi ulikuwa umekwisha. Nyumba ikaenda.

Leo Bi Mwanarusi amekuja kuaga, anahamia kwa bintiye Likoni. Ameleta mahamri ya moto, ameyafunika kwa kitambaa.

"Ulihangaika nami sana, mwanangu. Si kosa lako. Hii serikali ndiyo hutuficha mambo."

Kadzo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Angenyamaza, nani angejua? Lakini harufu ya iliki ilimpanda puani, na akajua hataweza kumeza hata tonge.

"Bibi, serikali ililileta gazeti mapema. Ni mimi niliyelifungia. Niliogopa watu watalichana."

Bi Mwanarusi hakupandisha sauti. Alivitazama vidole vyake, vilivyopinda kwa miaka ya kukanda unga, kisha akamtazama Kadzo.

"Mimi, mwanangu? Mimi ningelichana?"