Mama Komora Aliposema Anauma Meno

Mama Komora alikuwa amekwisha kung'olewa magego matatu mazima, yasiyo na tundu wala ufa, na maumivu yake yalikuwa palepale yalipoanzia. Alikuja kwetu atolewe la nne. Kinywa chake kilifunguka kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu, na kwa majuma mengi alikuwa akiishi kwa uji mwepesi. Shavu la kushoto lilikwisha kubonyea. Tungeendelea kung'oa, angebaki hana cha kutafunia hata siku kinywa kikifunguka.

Vijana wanaosomea kazi hii leo watanielewa nikianzia nyuma kidogo.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika zahanati ndogo karibu na kivuko cha Garsen. Siku ya kwanza Dresa Mkuu, mtu wa Lamu ambaye kaptula yake haikujua kunjo, alinikabidhi jiko la mafuta ya taa na sufuria.

"Hapa daktari ni maji ya moto," aliniambia. "Yakichemka vizuri, sisi wengine tunasaidia tu."

Nikachemsha koleo na sindano mpaka mvuke ukanitoa machozi. Dresa alifunga vidonda, alichoma sindano na kutoa dawa pale ambapo hapakuwa na daktari, na kwetu hapakuwa na daktari siku nyingi. Namshukuru mzee yule. Usafi alionifunza ulinitosha kazi nzima.

Kwa kuwa nilizaliwa Kipini, nilifanywa pia mkalimani. Waliokuja kwetu walikuwa Wapokomo wa mashambani, Waorma na Wasomali wenye mifugo, Wagiriama, na kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Tulizoea kunyoosha maneno yao bila hata kuwauliza. Mtu akisema "nauma kichwa", sote tulijua anaumwa kichwa. Nani anaweza kujiuma kichwa?

Daktari wa Meno alitufikia kutoka pwani kila baada ya miezi michache, barabara ikipitika. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukisema kama anayepanga matofali. Watu walimfuata kwa jambo moja. Aliyerudi nyumbani bila jino mkononi alijiona hakutibiwa.

Mama Komora alifika kwa mtumbwi kutoka Ndera, pamoja na mama mkwe wake. Nikamuuliza shida yake.

"Nauma meno," alisema, taya limebana.

"Anaumwa meno," nilimwambia daktari.

"Amesema anauma," daktari alinijibu.

"Ndivyo wasemavyo huku, bwana daktari. Maana yake anaumwa."

Mama Komora alinikazia macho. "Wewe dakitari mdogo, kwa nini unaongeza? Mimi nauma! Nikilala nauma, nauma, kama fisi na mfupa. Kila mahali nasema hivyo, kila mahali wanatoa koleo."

"Kweli," mama mkwe alidakia. "Huyu akisaga meno, mbuzi wanaamka. Mwanangu amehamia kulala nje. Ng'oa, dakitari, twende zetu."

"Mbuzi wenyewe hawajalalamika, mama," alijibu mkazamwana wake.

Hata Dresa Mkuu alicheka. Kisha akakiri kwamba yeye pia, mama aliposema "nauma", alikuwa amesikia "naumwa".

Daktari aliweka koleo chini. Aligonga jino moja moja kwa mpini wa kioo cha kinywani, na hakuna lililouma. Akaweka vidole mbele ya masikio, pale mfupa wa taya unapokutana na fuvu, akamwambia afungue na kufunga polepole. Aliniita nami niguse. Nilisikia mlio mdogo chini ya kidole, *ka*, na taya likaenda upande kabla ya kushuka. Alipobonyeza misuli ya kutafuna, ile inayotuna shavuni ukikaza meno, mama aliruka.

Alitueleza kwamba kiungo cha taya hufunguka kama bawaba ya mlango, lakini pia huteleza mbele, na kati ya mifupa kuna kisahani laini cha gegedu. Anayekaza meno usiku kucha huchosha misuli na kukisumbua kisahani hicho. Maumivu yake husambaa hadi kwenye meno, na mgonjwa huapa kwamba ni jino.

"Ilianza lini?" aliuliza.

"Mto ulipolala juu ya shamba letu," Mama Komora alijibu. "Mahindi yote yalikwenda."

Ikajulikana pia kwamba husuka mikeka, na ukindu huushikilia kwa meno huku mikono ikivuta.

"Sing'oi kitu," daktari alisema.

"Daktari gani hang'oi?" mama mkwe aliwaka. "Tumepiga kasia bure?"

"Mlango ukikwama, mama, utabomoa dirisha?"

"Nikikosa fundi, nitapita dirishani!"

Lakini Mama Komora alikuwa amekwisha kukubali na kufunga leso yake. Alibaki Garsen kwa dada yake, nami nikaachiwa maagizo: kitambaa cha maji ya moto shavuni, aspirini, chakula laini, asipige miayo bila kushika kidevu, asitie ukindu kinywani. Midomo ifungwe, meno yasigusane. Taya lilianza kulegea. Daktari aliporudi, vidole viwili vilipita, na hapo ndipo alipoweza kuchukua umbo la meno yake kwa nta. Safari iliyofuata alileta kipande kigumu cha kuvaa juu ya meno wakati wa kulala. Mama Komora alikiita kitanda cha meno.

Nimestaafu sasa, baada ya Garsen, Kipini na Lamu. Wakubwa wangu walinipa mengi, na nawashukuru kwa majina yao yote ya vyeo. Lakini aliyenifunza kumwacha mgonjwa amalize neno lake ni Mama Komora.

Nilipohamishwa Kipini, nilipita Ndera kumuaga. Maji yalikuwa yamerudi mtoni, na mahindi mapya yalisimama shambani. Alikuwa anaguguna hindi la kuchoma. Kitanda cha meno, alisema, alikiacha zamani. Nikamuuliza kama alikiacha maumivu yakiwa yamekwisha, au yalikwisha baadaye, shamba liliporudi. Daktari mwenyewe alikuwa ameniagiza nimuulize, kwa sababu tulitumia tiba nyingi kwa pamoja na hakujua ipi ilifanya kazi.

Alifikiri, akacheka, kinywa wazi mpaka nikaona mapengo yote matatu.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nalima."