Mama Kishindo na Mlio wa Risasi

Kazini walimwita Mama Kishindo. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na miwili, asiyepaza sauti hata akikanyagwa kidole, lakini kwa miaka kumi na tisa vishindo vyote vya tamthilia za kituo kimoja cha televisheni vilitoka mikononi mwake. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya bohari la viatu. Kuta zilikuwa zimepigiliwa magodoro makuukuu ili kelele za barabarani zisiingie, na sakafuni kulikuwa na vitu ambavyo mgeni angedhani vinasubiri kutupwa: beseni la changarawe, makufuli mabovu, milango miwili isiyo na nyumba, mwavuli, kabichi. Kabichi ilikuwa ya kuvunjia watu mifupa.

Hatua za mume anayerudi nyumbani amelewa zilikuwa za miguu yake. Kofi la mama mkwe lilikuwa la viganja vyake. Ila alichojivunia zaidi kilikuwa risasi. Mlio wake wa risasi ulimchukua wiki mbili: mkanda wa ngozi ukichapwa mezani, pipa tupu likipigwa nyundo, na radi aliyoinasa mwenyewe dirishani siku ya mvua, vyote vikachanganywa mpaka vikawa kitu kimoja. Ukiusikia, kifua kinatikisika. Na kila mtu alipoinua bastola kwenye tamthilia, hata kama alikuwa ameishika tangu mwanzo, lazima ilie klik-klak kwanza. Hiyo ilikuwa stepla ya ofisini na komeo la geti.

Mtazamaji wake mkubwa alikuwa mdogo wake wa kiume. Wazazi wao walipofariki, mmoja nyuma ya mwingine, dada alikuwa na miaka ishirini na mmoja na mdogo wake tisa, akamlea. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka arobaini, mrefu hadi akawa anainama kila mlango, hata ule usiohitaji kuinamiwa, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mfupi. Alikuwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi lililopakana na nyumba yao. Ukuta wa uani kwao ndio uliokuwa ukuta wa nyuma wa stoo. Yeye na mkewe walikaa vyumba viwili vya mbele, dada yake cha nyuma, na saa moja jioni wote watatu walikuwa mbele ya televisheni moja.

Mfupi alikuwa na tabia ya kuhesabu risasi kwa vidole.

"Dada, bastola ile inachukua risasi ngapi?"

"Sijui. Nane?"

"Basi jamaa ameshapiga kumi na saba. Hizo nyingine kaazima kwa jirani?"

"Nyamaza, unatuharibia utamu."

Alikuwa akicheka, akinyamaza, na dakika mbili baadaye akipiga makofi kama mtoto kwa sababu inspekta wa kwenye tamthilia amepigwa risasi ya bega, amejifunga kitambaa kwa meno, na ameruka ukuta. Bega, mkono, paja: kwenye tamthilia hizo zilikuwa sehemu za kupigwa risasi na kesho yake mtu akaamkia kazini.

Ilitokea siku ya mapumziko ya Mama Kishindo, saa nne asubuhi. Yeye na wifi yake walikuwa uani wakifua mashuka. Ng'ambo ya ukuta zilikuwepo kelele za kila siku: mabati yanaburutwa, nondo zinagongana, lori linarudi kinyumenyume. Kisha ikasikika pa. Kimya kidogo, halafu pa nyingine. Kavu, fupi, bila mwangwi, kama ubao ulioangukia saruji.

"Leo wanashusha mbao kwa hasira," wifi akasema.

"Mumeo huyo. Ulimnyima chai?"

"Alikunywa vikombe viwili!"

Wakacheka. Wakashika shuka, mmoja huku mmoja kule, wakalikamua mpaka tone la mwisho, wakalianika. Wakafua mengine mawili. Walikuwa wanaanza foronya wakati karani wa duka alipougonga mlango wa mbele kwa ngumi zote mbili, akiwa na damu mpaka kwenye viwiko, na damu ile haikuwa yake.

Wezi wawili walikuwa wameingia kwa geti la nyuma kwa pikipiki. Mfupi aliwazibia mlango wa stoo. Risasi ya kwanza waliipiga juu, ikatoboa bati. Ya pili ikamwingia pajani. Karani na wapakiaji waliokuwa mbele ya duka nao walidhani ni mbao. Hawakukimbia mpaka waliposikia pikipiki ikiondoka kwa fujo. Walimkuta Mfupi amekaa juu ya mifuko ya saruji, ameshika paja kwa mikono miwili, uso umepauka, lakini anaongea vizuri.

"Paja tu," aliwaambia. "Wanaenda barabara kuu. Wafuateni!"

Karani alitoa leso, akamfunga juu ya suruali, fundo moja. Wakamwacha, wakatoka mbio wote kuwafuata wezi. Waliwapoteza kwenye taa za barabarani. Waliporudi, Mfupi hakuwa tena juu ya mifuko. Alikuwa chini, amelalia ubavu, macho wazi, na alipoitwa alijaribu kuitika, sauti haikuja.

Alikata roho kwenye pikapu ya duka kabla hawajafika hospitali, kichwa mapajani mwa mkewe, miguu ikining'inia nje kwa urefu.

Daktari alikuwa kijana, na uchovu ulimfanya aseme zaidi ya alivyopaswa. "Pajani unapita mshipa mkubwa wa damu," alisema. "Ukikatika, dakika ni chache. Leso haisaidii. Mtu angekandamiza pale pale kwa nguvu, kwa uzito wake wote, asiachie mpaka…" Hapo akaziona nyuso za wanawake wawili waliosimama mbele yake na mapovu ya sabuni yaliyokaukia mikononi, akaacha. "Poleni sana," akasema.

Siku ya tatu ya msiba, karani alikuja kukaa karibu na Mama Kishindo. Akasema, "Mama, alisema ni paja tu. Na mimi nikaona ni paja tu."

Mama Kishindo alimtazama, akatafuta hasira ndani yake, asiipate. Alijua fika ni wapi karani na marehemu walijifunza kwamba paja ni paja tu. Risasi zile za paja alikuwa amewapigia yeye mwenyewe, kila jioni saa moja, na akalipwa mshahara.

Waombolezaji walisema yanayosemwa: kazi ya Mungu haina makosa, maji yakimwagika hayazoleki. Yeye aliitikia. Lile la mbao na hasira na vikombe viwili vya chai hakumwambia mtu. Wifi yake naye hakulitaja. Walipishana jikoni kama watu waliovunja chombo cha watu na kila mmoja anangoja mwenzake akiri.

Aliporudi kazini, kipindi cha kwanza alichokuta mezani kilikuwa na risasi kumi na nne, zote kwenye ngazi. Alikitazama mara moja. Kisha akachukua ubao, akashuka hadi kwenye ngazi za jengo, akauangusha juu ya saruji mara nyingi, akachagua mlio mmoja, akaukata mwangwi wake, akaupachika mahali pa kila risasi.

Mwongozaji wa tamthilia alikuja kusikiliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelibeba jeneza la Mfupi tangu mwanzo hadi mwisho bila kupokewa.

"Mama, hii nini?"

"Risasi."

"Inasikika kama ubao."

"Ni ubao."

Akavuta kiti, akaketi. "Pole, Mama. Lakini mtazamaji atadhani mtu kaangusha kitu."

"Na mimi nilidhani hivyo."

Mwongozaji akamgeukia.

"Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nafua," akaendelea. "Kituo kizima, fundi wa risasi ni mimi. Zikapigwa mbili, nikasema wanashusha mbao. Robo saa nzima, mwanangu. Nilikuwa nakamua shuka."

Mwongozaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Ingekuwa juu yangu…" alianza.

"Si ndiyo iko juu yako?"

Mwongozaji aliivaa miwani. Alimwambia aende nyumbani akapumzike siku mbili, na siku hizo mbili akatoa ule mlio wa zamani kwenye hifadhi, wa mkanda na pipa na radi, akaupachika mwenyewe. Jioni kipindi kilipotoka, wifi aliinuka kwenye risasi ya kwanza, akaenda kuangalia kama mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Akabaki amesimama hapo na kitasa mkononi mpaka tamthilia ilipokwisha.

Aliyemsikiliza kweli alikuwa mwandishi wa tamthilia, binti wa miaka thelathini hivi, mwenye kalamu nywelini siku zote. Alikuja akakaa sakafuni karibu na beseni la changarawe.

"Mama, nataka kuiandika. Ukisema hapana, siandiki."

"Uandike nini?"

"Mtu anapigwa paja, anakufa. Basi."

Mama Kishindo alimweleza kila kitu, isipokuwa kicheko. Binti akaandika. Kwenye hadithi yake, yule inspekta kipenzi cha watu alipigwa risasi ya paja kwenye korido ya ofisi, akawaambia wenzake wamfuate mhalifu, wakamwacha. Mwongozaji aliisoma akasema hii itamtoa kazini, kisha akaikubali, na kwa kipindi hicho kimoja akaukubali na ubao. Mama Kishindo alifanya kazi siku tatu. Viganja vinavyoteleza juu ya kitambaa kilicholowa alivitengeneza kwa maji na sabuni. Pumzi ya inspekta ilikuwa yake mwenyewe: aliipunguza, akaipunguza, na ilipofika mwisho ilibidi fundi mitambo aje amtoe nje, kwa sababu alikuwa ameikata kweli na haikuwa inarudi.

Kipindi kilitoka. Kabla majina ya waigizaji hayajapita, simu zikaanza kulia kituoni, na kesho yake zikaendelea.

"Mtu hafi kwa paja!"

"Mwandishi wenu hajui kazi, mwambieni akalime."

"Hata mlio ule ulikuwa wa nini? Mnapiga debe?"

Mzee mmoja alikasirika kuliko wote. "Mimi nimewaona watu wakipigwa risasi tano na bado wanakimbia," alisema. Mpokea simu akamuuliza aliwaona wapi. "Kwenye tamthilia hii hii yenu!" Ofisi nzima ilicheka, hata mwandishi, kicheko cha mtu anayeuguza jino.

Muuguzi mmoja wa wodi ya majeruhi naye alipiga, akasema ndivyo inavyokuwa, asanteni. Wakamwandika mwisho wa orodha, chini ya wale mia mbili na kitu.

Wenye kituo waliamua siku ya Ijumaa. Inspekta afufuliwe. Ikaandikwa kwamba alizimia tu, wakamwahi. Baada ya wiki mbili alifungua macho kitandani, muziki ukapanda, watu wakapiga simu kushukuru.

Miguu yake ilibidi itembezwe na mtu. "Achechemee kidogo," mwongozaji alimwambia Mama Kishindo bila kumtazama. "Vipindi viwili tu. Halafu atembee kawaida."

Alivaa viatu vya kiume, akasimama juu ya sakafu ya majaribio, akamtembeza: mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi, macho kwenye skrini. Aliifanya vizuri. Kazi mbovu hakuwahi kujifunza.

Jioni ile wifi alitazama mpaka mwisho, bila kuinuka. Inspekta alipopanda ngazi, wifi aliinamisha kichwa pembeni kama anayesikiliza kitu mbali.

"Wifi, hiyo miguu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mlimfufua kwa nini?"

"Watu walipiga simu."

Wifi alikunja upindo wa kanga, akaukunjua. "Na sisi," akasema, "tungempigia nani?"

Mama Kishindo akainuka akaizima televisheni. Ndipo wifi, akiwa bado anatazama pale picha ilipokuwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyesema mbao."

"Na mimi nikacheka."

"Tulicheka wote."

"Tulicheka wote," akakubali, akaketi karibu yake. Walilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi, si kwa kelele, bega kwa bega kwenye kochi ambalo Mfupi alikuwa akilijaza peke yake.

Jumatatu alimwambia mwongozaji: milango atafunga, mvua atainyeshesha, watu atawatembeza mpaka magoti yachoke, lakini risasi watafute mtu mwingine. Mwongozaji alikubali haraka, na haraka ile ilimuuma kuliko kukataliwa. Hakuhitaji kutafuta mtu. Mlio ulikuwa kwenye hifadhi, na ulikuwa wa kituo.

Mwandishi aliacha kazi mwaka ule ule. Karani alihamia duka jingine. Wezi hawakukamatwa. Wifi alikuwa na ndugu waliomtaka arudi kwao, akakataa, akabaki kwenye vyumba viwili vya mbele. Jumamosi moja kila mwezi wanawake hao wawili huenda hospitalini, kwa yule muuguzi aliyepiga simu. Mama Kishindo alimtafuta mwenyewe, akamwomba awafundishe kuzuia damu. Muuguzi huwalaza kwa zamu juu ya meza. Mara ya kwanza wifi alikandamiza paja la Mama Kishindo kwa viganja viwili, mikono imenyooka, mpaka jasho likamtoka puani. Muuguzi alimwambia sasa anaweza kuachia, zoezi limekwisha. Akamwambia tena. Wifi hakuachia.

"Mwache," Mama Kishindo alisema akiwa bado amelala mezani, mguu umeanza kufa ganzi. "Sina haraka."