Nyuzi Mbili Zilizopanda Pamoja

Sisi tuliokulia Kakuma kabla ya simu za kupapasa kwa kidole, tulikuwa na mchezo wa kati, wa kukwepa mpira, kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, uji wa njano usio na sukari, na meno yaliyochakaa kwa kuguguna matunda ya mikoma. Jioni mama akituita mara moja, ya pili ilikuja na fimbo. Watoto wangu hapa Lodwar nawaita mpaka nachoka, wananijibu bila kuinua macho.

Lakini nataka kuandika juu ya ukumbi wa kufuma. Nimeanza mara tatu nikafuta, kwa sababu sina uhakika kama naukumbuka sawasawa.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, na shangazi yangu ndiye aliyefundisha. Wanawake wa mjini na wa kambi ya wakimbizi walifuma pamoja. Kila kitanda cha kufumia kilikuwa na fremu mbili zilizoning'inia, zimejaa vitanzi vya uzi, na chini mbao mbili za kukanyaga. Uzi wa kwanza ulipita kwenye kitanzi cha fremu ya mbele, wa pili ya nyuma, wa tatu ya mbele tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukikanyaga ubao mmoja, fremu moja inapanda na nyingine inashuka. Nyuzi zinaachana, inafunguka njia katikati, unarusha kibao chenye uzi kinapita. Ukikanyaga ubao wa pili zinabadilishana, na uzi uliopita unabanwa. Kazi yote ni hiyo. Mimi niliiona kama muujiza, na bado naiona hivyo.

Kupitisha nyuzi kwenye vitanzi kulitaka watu wawili. Mwenzangu alikuwa Neema, msichana wa Kikongo kutoka kambini. Yeye alikaa nyuma akichagua uzi na kuita, "Mbere, nyuma, mbere, nyuma." Mimi nilikaa mbele nikiuvuta kwa ndoano. Shangazi alikuwa amesema mmoja wetu atapewa kitanda chake mwenyewe ajifunze kufuma. Tulikitaka wote. Nikisema kweli, Neema alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu.

Siku ile ya kupitisha nyuzi tulicheka sana, sikumbuki tulicheka nini. Shangazi alipoanza kufuma, ukatokea mstari kwenye kitambaa kama kovu. Nyuzi mbili za jirani zilikuwa kwenye fremu moja, zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Akainama, akatoa moja, na kitambaa kikapona hapo hapo. Nilimwuliza amejuaje ipi ndiyo mbaya.

"Hakuna mbaya," akasema. "Ungetoa yoyote."

Kisha akamgeukia Neema. "Wewe ndiye ulikuwa unaita. Rudi kwa wanaoanza, kwenye kuzungusha uzi."

Neema alinitazama. Huenda aliita vibaya. Huenda mimi nilitia ndoano kitanzi kisicho chake. Sikusema neno. Wiki iliyofuata kitanda nikapewa mimi, na Neema akaacha kuja. Sitaki kumsingizia shangazi, hakuwa mtu wa kupendelea. Ila mimi nilikuwa damu yake.

Mwaka huu nilikwenda Kakuma kwenye mazishi, nikamkuta Neema sokoni akiuza maandazi. Alinisalimu kwa Kiturkana, "ejok," kabla sijamtambua. Tuliulizana habari za watoto, halafu nikamwambia kwamba ule uzi pengine nilikosea mimi. Akaacha kugeuza maandazi.

"Dada, miye najua niliita mbere mara mbili," akasema. "Miaka yote najua."

Nikamwuliza ana hakika. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Alinifungia maandazi sita, akakataa pesa.

Ukumbi sasa ni stoo ya viti vya plastiki. Wanangu wananunua shuka zilizofumwa sijui wapi, na wakigombana nani kakosea, mmoja anatoa simu na video ipo. Nawacheka, lakini kwa hilo nawaonea wivu. Mikono yetu hakuna aliyeipiga picha. Kosa huenda lilikuwa lake, huenda langu, huenda la wote wawili. Kwenye kile kitanda nilikaa miaka sita, peke yangu.