Damu Iliyochukuliwa Songo

Habari za kifo cha mama mmoja, mwalimu wa biolojia, zilinifikia Jumatatu, na kabla sijauliza aliugua nini, aliyeniletea alikwisha kuninong'oneza: "Damu za bantu zimemurudilia," yaani damu za watu alizochukua zimemrudia. Nduguze wanasema ni moyo. Lakini hapa Uvira maelezo mafupi hayatutoshi. Hata mimi nimezoea kutafuta la pili nyuma ya la kwanza.

Marehemu alikuwa akichukua damu kidogo kwa majirani wa mtaa wake wa Songo waliokubali. Alichunguza chembe sahani, zile zinazokimbilia kidonda na kugandisha damu. Kalsiamu inapopanda ndani yake na kuziamsha, je, huvuta amino asidi, vijenzi vya protini, kwa wingi zaidi au hupunguza? Mitaani swali hilo halikufika. Kilichofika ni kwamba damu inavushwa ziwa kwenda kuuzwa. Alasiri moja nilikuwa kwake kumsalimu, wanaume wakajaa uani, mbele yao mfanyabiashara wa bandarini Kalundu, Mwislamu wa makamo anayeheshimiwa.

"Mama, damu yetu iko inaenda wapi?" alimwuliza mwalimu.

"Haiendi popote, papa. Ingia uone."

Aliingia peke yake. Mwalimu alitwaa damu yake mwenyewe, akaitia dawa ya kuizuia isigande, akaizungusha kwenye mashine mpaka wekundu ukatuama na juu yakabaki maji ya manjano yenye ukungu. Akadondosha kalsiamu. Tukangoja, yakashikana kama uji uliopoa. Mgeni hakutikisika.

"Nitajua aje kama si maji tu iko inagandisha?"

Mwalimu akatabasamu. "Sasa papa umeuliza swali ya kazi yangu." Akampa mrija wa pili wenye yale maji ya manjano, autie maji matupu badala ya kalsiamu, kwa mkono wake. Haukuganda.

"Minye naamini kidogo," alisema, akatoka kuwaambia wenzake warudi nyumbani. Damu yake hata hivyo hakutoa, na mwalimu hakumlaumu. Yeye mwenyewe hakuyaamini matokeo yake: chembe zilizoamshwa zilionekana kuvuta amino asidi zaidi, akashuku kwamba maji aliyooshea vyombo yana kalsiamu yake, akaanza upya. Amekufa kabla ya kupata jibu.

Matangani mnong'ono uliendelea, na walionong'ona ni wale ambao hawakuwahi kukanyaga kwake. Kushuku si kosa. Kosa ni kushuku na kuogopa kubisha hodi, maana uliyemshuku atakufa, na shaka yako itabaki bila mtu wa kuijibu.