Wembe wa Alhamisi

Bakary alikuwa kinyozi wa Mtama kabla ya kukutwa na magunia ya korosho za wizi, na hata gerezani, huku pwani ya Lindi, aliendelea kuwa kinyozi. Kila Alhamisi alasiri wenzake wa seli walimfuata wanyolewe kwa ajili ya Ijumaa. Wembe ulikuwa mmoja, wa magendo, umefichwa kwenye mshono wa godoro. Baada ya kila kichwa aliuosha mara tatu kwa bismillahi, kama anavyoosha chombo kilichoingia najisi. Kwake, kilichotoharika kilikuwa salama. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maskini, na alilifanya kwa moyo mweupe.

Alhamisi hiyo alimnyoa Laurenti, mkulima wa Rondo, akamkata kidogo nyuma ya sikio. Kisha akajinyoa mwenyewe, akajikata kidevuni. Mwisho akamnyoa Mfaume, aliyekuwa anatoka kesho yake asubuhi. Anayetoka hunyolewa mwisho, taratibu, ili amfikie mkewe akiwa nadhifu. Naye alichubuka shingoni.

"Mkeo Kibibi hatakujua, hata zile hasira zake atazisahau," Bakary alimtania. Mfaume akaenda zake Njinjo anacheka.

Ijumaa baada ya swala, Laurenti alimvuta Bakary pembeni, akakitazama kile kidevu.

"Kaka, mimi nina virusi. Miezi mitatu sijameza dawa, niliogopa watu wa seli wataniona."

Afande Scholastica, muuguzi wa gereza, alikuwa amewaambia mara nyingi: mwenye hofu ya kuambukizwa aje kabla ya saa sabini na mbili kupita, apewe dawa za kuzuia. Lakini kwenda kwake ni kuukiri wembe, na wembe ungemnyima Bakary msamaha wa kifungo, zikiwa zimebaki wiki tatu atoke. Akanyamaza. Jumamosi nzima akanyamaza, anakigusa kidevu. Aliogopa kufa, aliogopa na kubaki ndani, na kwa siku nzima woga wa kubaki ndani ndio ulioshinda.

Jumapili asubuhi ule woga wa kufa ulimsukuma mpaka dirishani kwa muuguzi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Una nini?"

Akasema yote: wembe, sikio, kidevu. Scholastica hakumfokea. Alimpima, akamkuta hana virusi bado, akampa dawa za siku ishirini na nane.

"Umewahi kwa saa chache tu. Laurenti naye arudi kwenye dawa zake. Maji hayaui virusi, hata ungeuosha mara sabini. Kila mtu awe na wembe wake, hilo nitampelekea mkuu. Sasa niambie, baada ya Laurenti ulimnyoa nani?"

"Mimi mwenyewe, afande. Halafu..." Tangu Ijumaa alikuwa anahesabu saa zake peke yake. "Halafu Mfaume."

"Huyu aliyetoka juzi?" Scholastica alikuwa ameshashika simu, anamtafuta mtendaji wa kijiji kule Njinjo. "Lazima afike zahanati kabla ya alasiri. Na mkewe pia, kama wameshalala pamoja."

Simu iliita, ikaita. Bakary alisimama na kidonge kiganjani, akimwomba Mungu jambo ambalo mfungwa hamwombei mwenzake anayerudi nyumbani: kwamba Kibibi alikuwa bado na hasira, na alimfungia mlango.