Radhi za Shangazi Mwanamkasi

Shangazi yangu Mwanamkasi, mkaanga viazi karai wa Likoni, alianza kutaka radhi siku ile ile alipoambiwa ana saratani ya nyuma ya pua. Alivaa buibui akapita nyumba kwa nyumba, kama mtu anayekwenda Hija. Akafika hata kwa Bi Asmaa, jirani ambaye walikuwa hawasemezani.

"Kama nilikukosea, niwie radhi. Namfuata kaka yangu."

"Nimekuwia. Lakini mwenzangu, mtu wa kufa hapigi hodi kwa kishindo hivyo."

Kaka yake, Hassan, aliuawa na saratani hiyo hiyo. Kwa shangazi, jina moja, mwisho mmoja; matibabu ya nini? Tena aliuona ugonjwa wake umezidi: Hassan hakuwa na uvimbe wa kuonekana, yeye alikuwa na donge chini ya sikio. Waliokuja kumjulia hali walilibonyeza, wakatikisa vichwa.

Nilimbembeleza mpaka akakubali twende hospitali tukasikie majibu ya picha alizopigwa, basi.

Daktari Kimani alimsikiliza habari za Hassan mpaka mwisho.

"Alikuwa akiona vitu viwili viwili?"

"Ee. Na uso ukamfa ganzi upande mmoja."

"Ugonjwa wake ulipanda, mama. Uliingia mfupa wa chini ya fuvu, ukashika mishipa ya fahamu. Huko kuutibu ni kazi ngumu. Wako umeshuka, umeingia tezi za juu ya shingo, upande mmoja tu. Mfupa wa fuvu haukuguswa." Akaugusa mtulinga wake, mfupa wa chini ya shingo. "Ungefika hapa, au mapafuni, ningekuwa na wasiwasi. Haujafika. Wengi wa namna yako hupona kwa mionzi na dawa. Ila usiupe nafasi ya kuendelea kushuka."

Shangazi alilishika donge lake.

"Na watu nimeshawaaga?"

"Waambie umeghairi."

Akacheka, kisha akauliza mionzi inaanza lini.

Ilimchosha. Ilimkausha mate, ikamwondolea ladha, hata chumvi ya viazi nikawa naionja mimi. Lakini donge liliyeyuka, na picha za baadaye zilitoka safi.

Siku hizi anakaanga huku chupa ya maji iko kando yake. Juzi mteja mmoja alimnong'oneza kwamba shemeji yake amepatwa na ugonjwa kama wake, na nyumbani wameshaanza kulia.

Shangazi aligeuza viazi, akamtazama.

"Ugonjwa umefika wapi?"

"Sijui."

"Basi nyamazeni kwanza, mkaulize."